Hita ya gesi ya feni inawaka halafu inazima: hesabu sekunde kabla hujamwita fundi

MfugajiChanika

Wakuu, habari za usiku.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya banda langu hapa Chanika. Mbele yangu wapo vifaranga 500 wa siku nne, wametawanyika vizuri kwenye maranda. Wachache wanakunywa maji, wengi wamelala. Hita inanguruma pembeni na kipimajoto nilichokining'iniza usawa wa migongo yao kinasoma nyuzi 31. Nimeona niandike leo kwa sababu kipupwe kimeanza kukolea, na najua humu wapo wenzangu ambao usiku huu wanahangaika kama nilivyohangaika mimi kwenye bechi iliyopita.

Kwa asiyeifahamu, hita ninayoizungumzia ni ile ya bomba la bati lililolala kama mzinga. Nyuma ina feni ya umeme, ndani ina jiko la gesi, mbele inatoa hewa ya moto. Gesi ni hiihii ya mitungi tunayopikia. Yangu ni ya kilowati 15, nimeinunua imeshatumika. Kibati chake ubavuni kimeandikwa inakula gesi kilo 1.1 kwa saa na inataka presha ya baa 0.7. Hicho kibati nilikuwa sijawahi kukisoma hadi mambo yaliponiharibikia. Kisomeni chenu leo.

Watu wa Njombe wakisikia tunalalamikia baridi ya Dar wanatushangaa, lakini kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 au 33, na Juni hadi Agosti usiku wetu huku unashuka hadi 18 au 19. Upepo wa kusi ukipenya kwenye turubai, hali ni mbaya zaidi. Kifaranga huyo bado hajaweza kujitengenezea joto la kumtosha. Anategemea hita, na hita ikizima saa tisa usiku hana pa kwenda zaidi ya kuwalalia wenzake.

Sasa nieleze kilichonipata.

Ilianza hivi: nabonyeza kitufe cha gesi, napiga cheche, moto unashika, nashikilia kitufe kama maelekezo yanavyosema, nikikiachia tu, moto unakufa. Nikamwita fundi wa mtaani. Hakufungua kitu. Alichukua waya wa kufungia nondo, akakibana kile kitufe kikae chini muda wote, moto ukawaka, akasema tatizo limeisha. Nami nikamlipa. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu nilimwona anavyofunga na moyo ulikataa, ila vifaranga walikuwa wanalia na nilitaka tu joto.

Usiku wa pili, kwenye saa tisa, niliamshwa na kelele zao. Vifaranga wakisikia baridi hulia kwa sauti kali, tofauti na ule mnong'ono wao wa kawaida. Nikiwa nje nikasikia hita inanguruma kama kawaida, nikajiambia labda panya au nyoka kaingia. Nilipofungua mlango, harufu ya gesi ikanipokea. Feni ilikuwa inazunguka, moto ulishakufa, na kwa kuwa kitufe kimefungwa waya, gesi iliendelea kutoka huku feni inaisambaza banda zima. Sikugusa swichi yoyote mle ndani. Nilifunga koki ya mtungi, nikanyanyua mapazia ya pande zote mbili, nikatoka mbio kwenda kuzima swichi kubwa nyumbani. Kama pale bandani pangekuwa na jiko la mkaa la akiba linalowaka, nisingekuwa naandika uzi huu.

Asubuhi niliokota vifaranga 43 kwenye kona moja. Wa juu walikuwa hai. Wa chini walikuwa wamelowa, wamebapa, manyoya yameshikana kama pamba iliyotiwa maji. Niliwatoa mmojammoja.

Baada ya hapo nikatafuta fundi wa friji na majiko ya gesi, yuko Gongo la Mboto, mtu mzima asiye na haraka. Kabla hata hajaweka begi chini akaniuliza: "Ikishawaka, inakaa muda gani ndiyo inazima?" Sikuwa na jibu. Nilijua tu inazima. Akasema basi tuanze na hilo, akatoa simu, akaweka saa ya kuhesabu.

Hilo swali moja ndilo nililokuja kuwapa. Hita ya namna hii ina walinzi kadhaa, kila mmoja ana kazi yake na kila mmoja anachukua muda wake kukasirika. Ukijua imeishi sekunde ngapi au dakika ngapi, umeshajua ni mlinzi gani ameikata.

Ikizima ulipoachia kitufe tu, mtazame themokapo. Ni kile kijiti chembamba cha shaba kilichochungulia ndani ya moto, mkia wake umeingia kwenye vali ya gesi. Kikipata moto kinazalisha umeme mdogo mno, milivolti 20 hadi 30, na huo ndio unaoishikilia vali ibaki wazi. Moto ukizimika, kijiti kinapoa, umeme unakata, vali inajifunga. Kwa maana hiyo yule fundi wa kwanza hakutengeneza chochote. Alimfunga mlinzi kamba.

Cha kwangu kilikuwa na masizi meusi na kimepinda pembeni, ncha yake ilikuwa haiguswi na moto, inaota tu joto kwa mbali. Fundi alikinyoosha, akafuta ncha kwa msasa laini, akafungua ule mkia kwenye vali na kusafisha pale unapogusana. Ikawaka, lakini kwa kusuasua. Tukaamua kununua kipya, nikakipata Kariakoo kwenye maduka ya spea za majiko ya gesi. Nenda na cha zamani mkononi, urefu na nati lazima vifanane. Ukikikaza usitumie nguvu, ukizidisha unakiua.

Ikiwaka vizuri halafu ikazima baada ya dakika kumi, kumi na tano, na ukijaribu kuiwasha papo hapo inagoma, ila ukiiacha ipoe inakubali, huyo ni mlinzi mwingine. Ni themostati ya usalama, kidude cha duara kama kifuniko cha soda kilichofungwa kwenye bati. Kazi yake ni kukata pale bomba linapopata joto kupita kiasi, na bomba hupata joto kupita kiasi hewa ikiwa haipiti ya kutosha. Wengi wanakimbilia kubadilisha hicho kidude. Mara nyingi ni kizima, kinacholalamikiwa ni upepo mdogo.

Yangu ndiyo ilifanya hivyohivyo. Themokapo mpya, moto safi, dakika ya 12 kimya. Tukafungua wavu wa nyuma. Wakuu, mapanga ya feni yalikuwa yamevaa koti la vumbi la maranda na vile vinyoya vyepesi vya vifaranga, unene wa karibu nusu sentimita. Ukivuta linatoka kama kitambaa. Tulisafisha kwa brashi kavu ya rangi na ikafanya kazi mchana kutwa bila kukata.

Usiku ukaingia. Saa mbili kasoro, ikakata tena. Nikaiwasha ilipopoa, ikakata tena. Kuanzia saa tano usiku ikatulia yenyewe mpaka asubuhi. Kesho yake vilevile. Hapo fundi akaja jioni na testa, akaichomeka kwenye soketi ileile: volti 181. Muda huo kila nyumba inapika, inapiga pasi, taa zote zinawaka. Feni ilikuwa inazunguka kivivu na kwa masikio nilikuwa sijagundua. Nimeweka stabilaiza ndogo (kifaa cha kusawazisha volti) kwa ajili ya hita peke yake, na tangu siku hiyo haijakata saa za jioni.

Ikiwaka masaa mengi, moto ukapungua taratibu hadi kufa usiku wa manane, kashike mtungi. Huyu ndiye aliyeniua vifaranga. Gesi ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, kama maji, na ili igeuke mvuke inahitaji joto, ambalo inalichukua kwenye bati la mtungi wenyewe. Hita ya kilo 1.1 kwa saa inauvuta mtungi joto la kama wati 100 bila kupumzika. Mtungi wa kilo 15 uliosimama kwenye baridi ya saa nane usiku hauwezi kulirudisha joto hilo kwa kasi hiyo. Unapoa, presha inashuka, moto unadhoofika, kisha unaondoka. Nilipoushika ulikuwa baridi kama soda ya kwenye friji, na jasho limetanda kuanzia chini hadi robo ya urefu, pale maji ya gesi yalipoishia. Nikadhani gesi imeisha. Asubuhi jua lilipoupiga, ikawaka tena.

Dawa niliyoitumia ni kuunganisha mitungi miwili ya kilo 15 ivutwe kwa pamoja kupitia kiunganishi chake maalumu, kila mmoja unafanya nusu ya kazi. Mwenye uwezo atumie wa kilo 38. Na mtungi ukikaribia kuisha tatizo linazidi, kwa sababu gesi yetu ni mchanganyiko wa propeni na biyuteni. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri hivyo hutangulia kutoka, biyuteni huchemka karibu na sifuri hivyo hubaki nyuma na kujivuta. Tafadhali sana, asiwepo wa kuuwekea mtungi moto au maji yanayochemka ili "uchangamke". Nimewahi kuona mtu anafanya hivyo kwa macho yangu.

Nimemaliza upande wangu. Mwenye kujua zaidi aongeze, mwenye tatizo aeleze na ahesabu kwanza.

---

MamaKitunda

Asante sana kaka kwa uzi huu, na pole kwa hao 43. Mimi nina hita kama hiyo lakini moto wake ni mdogo tangu nimenunua, na inazima baada ya dakika chache. Regyuleta ninayotumia ni ya jiko la nyumbani, nilidhani zote ni sawa. Halafu nina lingine: maranda yanalowa hata vinywesheo havivuji, na nikikaa bandani nusu saa kichwa kinaniuma. Mapazia nimefunga kabisa ili joto lisitoke.

---

MfugajiChanika

Dada MamaKitunda, kabla ya regyuleta, tafadhali inuka sasa hivi ukafungue mapazia ya juu. Usisubiri asubuhi.

Hicho kichwa kinachouma ni dalili ya hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na inatoka pale gesi inapoungua bila hewa ya kutosha. Inaua watu waliolala. Vifaranga nao wanazubaa, unadhani wameshiba. Hita hizi hazina bomba la kutolea moshi nje, kila kinachoungua kinabaki bandani. Acha uwazi wa kiganja juu ya pazia, pande zote mbili, hata kama kuna baridi. Joto litakalotoka hapo si hasara.

Na maranda kulowa kunatokana na hapohapo. Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa maji zaidi ya kilo moja na nusu, yakiwa mvuke. Hita ya kilo 1.1 kwa saa ikiwaka saa kumi na mbili mfululizo imekumwagia bandani ndoo ya lita 20. Kama hakuna pa kutokea yanarudi chini, maranda yanalowa, amonia inaanza kuwachoma macho.

Regyuleta nitamwachia FundiMajiko, yeye ndiye mwenyewe.

---

FundiMajiko

Nimeitikia. MamaKitunda, shikamoo mama.

Regyuleta ya jikoni inatoa presha ya milibaa 30 hivi. Hita ya mwenye uzi inataka baa 0.7, ambayo ni milibaa 700. Unailisha kwa kijiko kitu kinachotaka sufuria. Soma kibati cha hita yako, nunua regyuleta ya presha kubwa inayolingana na namba iliyoandikwa pale, na mpira wa gesi nao uwe wa presha kubwa, ule mwembamba wa jikoni usiutumie. Kinyume chake pia ni hatari: ukishanunua hiyo, usije siku moja ukaifunga kwenye jiko la kupikia. Moto utakurukia usoni.

Ukimaliza kufunga, chukua povu la sabuni, paka kila maungio, fungua gesi bila kuwasha. Likivimba na kutoa mapovu, kuna uvujaji. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikaondoka, inatambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo na kona.

Kuhusu volti nimefurahi umelisema, mkuu. Wengi wetu mafundi hatupimi umeme jioni, tunapima mchana tunapokuja kazini. Volti 181 kati ya 230 ni kama asilimia 79, lakini msukumo wa mota ya feni unaanguka zaidi ya hapo, unabaki kama asilimia 62. Ndiyo maana sikio linasikia feni inazunguka na themostati inasema hewa haitoshi.

---

MamaKitunda

Marahaba mwanangu. Mapazia nimeshafungua, nimekaa nje. Kesho naenda kutafuta regyuleta.

---

KijanaMjimwema

Mimi niko Kigamboni, mita kama mia nne kutoka baharini. Yangu ilikuwa haiwaki kabisa. Cheche naiona, gesi naisikia inapuliza kwa mbali, moto hakuna. Nikahangaika wiki. Kumbe ndani ya nozo, kile kitundu kidogo gesi inapotokea, buibui alikuwa amejenga utando mweupe. Hita ilikaa stoo tangu Septemba. Nasikia buibui wanapenda sana vitundu vya gesi.

Swali langu: nimekizibua kwa sindano, sasa moto unatoka wa njano na mrefu. Nimekosea wapi?

---

FundiMajiko

Umekosea kwenye sindano, ndugu yangu. Kitundu kile kimechongwa kwa kipimo, ukikipanua hata kidogo gesi inazidi hewa, na moto wa njano ndio matokeo yake. Moto mzuri ni wa bluu, unaunguruma na umetulia. Wa njano unatoa masizi na ile sumu iliyosemwa hapo juu. Badilisha nozo, ni kitu kidogo, namba yake imepigwa muhuri ubavuni. Siku nyingine loweka kwenye spiriti, kisha puliza kwa upepo wa kompresa.

Na kwa kuwa uko karibu na bahari, fungua na uangalie vituo vya nyaya, pale nyaya zinapoungwa. Chumvi inavila. Kituo kilichoota ukungu wa kijani kinaweza kuzuia zile milivolti chache za themokapo hata kama themokapo yenyewe ni mpya kutoka dukani. Angalia pia ncha ya cheche, inatakiwa iwe mbali na bati kwa milimita nne hivi. Kutu ikiota hapo, cheche inapiga kusikotakiwa.

---

BroilaPugu

Mimi nitapingana kidogo. Hita yangu nimeipiga dairekti kwenye hiyo themostati ya usalama, nyaya mbili nimeziunga pamoja. Mwaka wa tatu huu, bechi zaidi ya kumi, haijawahi kuzima wala kuleta shida. Hivi vitu vya usalama vimetengenezwa kwa ajili ya Wazungu, huku kwetu vinatusumbua tu.

---

MfugajiChanika

BroilaPugu, nakuheshimu, na najua unachokitafuta ni kuku wako wasife. Hata mimi nilikitafuta hichohicho nilipomruhusu yule fundi afunge kitufe waya.

Lakini fikiria siku feni itakapogoma. Mota zinaungua, mapanga yanashikwa na maranda, beringi inakauka. Moto utaendelea kuwaka ndani ya bomba ambalo halipulizwi. Bati litakuwa jekundu. Chini yake kuna maranda makavu, juu yake kuna turubai, na ukuta wa banda lako pengine ni mbao. Kile kidude ulichokiruka ndicho pekee kilichokuwa kinakaa macho wakati wewe umelala. Bei yake ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa chakula cha kuku.

Ninakuomba kama ndugu: kesho mchana zitenganishe hizo nyaya, uirudishe themostati, uiwashe hita, uhesabu. Kama itaanza kukata, basi kwa miaka mitatu kuna kitu hita yako imekuwa ikijaribu kukuambia. Anza na mapanga ya feni. Na namba ya zimamoto ni 114, iandike ukutani kwa herufi kubwa, kijana wako wa bandani aijue.

---

BroilaPugu

Nimekusoma mkuu. Nitafungua nyuma kesho nione hilo vumbi.

---

MzeeMkaa

Vijana, mimi naendelea na vyungu vyangu vya mkaa. Mkaa haudai volti wala themokapo. Kazi yake ni kuamka kila baada ya saa mbili kuongeza.

---

MfugajiChanika

Mzee wangu shikamoo. Sina ubishi na wewe, baba yangu alifuga hivyohivyo na nimekua nikiona. Mimi mwenyewe nina vyungu viwili vya akiba kwa siku umeme ukikatika, kwa sababu hita hii bila umeme ni bati tu. Ila naviweka nje, navijaza mkaa bila kuwasha, na siviingizi bandani mpaka nimefunga koki ya mtungi na kunusa. Baada ya usiku ule siwezi kuviweka pamoja.

Na mkaa nao una ile sumu isiyo na harufu, tena kwa wingi. Pazia la juu liwe wazi, mzee wangu.

---

MbeziJuu

Wakuu, yangu ni tofauti. Ni ya kisasa, haina kitufe cha kushikilia wala themokapo. Unawasha swichi, feni inaanza, inapiga cheche yenyewe, moto unawaka mzuri kabisa wa bluu. Nimehesabu kama mlivyosema: sekunde ya nane inazima, taa nyekundu inawaka. Inarudia hivyo mara zote. Cha ajabu, nilipoipeleka kwa jirani iliwaka saa nzima bila shida. Imetoka Ulaya, plagi yake ni ile ya pini mbili za duara, natumia adapta.

---

FundiMajiko

Hesabu nzuri, umenirahisishia.

Yako inautambua moto kwa njia nyingine. Kuna kijiti cha chuma ndani ya moto, na saketi inapitisha umeme mdogo sana kupitia moto wenyewe kwenda kwenye bati. Moto una tabia ya kuupitisha umeme vizuri upande mmoja kuliko mwingine, saketi ikiiona tabia hiyo inajua moto upo. Isipoiona ndani ya sekunde chache, inafunga gesi na kuwasha taa nyekundu. Umeme wenyewe ni maikroampea chache tu, kwa hiyo kitu kidogo kinauharibu.

Unahitaji vitu viwili ambavyo adapta yako huenda inakunyima. Cha kwanza ni waya wa ethi (ule wa kwenda ardhini): plagi yako ina ethi ubavuni, adapta nyingi za bei rahisi haziigusi kabisa. Cha pili, waya wa moto na waya wa nyutro vikae mahali pake. Plagi ya pini mbili inaingia upande wowote, ukiigeuza unakuwa umevibadilishana, na hita nyingi za aina hii zikibadilishiwa hazioni moto. Kwa jirani yako huenda iliingia upande sahihi.

Mwite fundi umeme akate hiyo plagi, afunge ya pini tatu, ethi ikiwa imeungwa, kisha apime kama ethi ya banda lako iko hai. Mabanda mengi yamevutiwa waya mbili tu kutoka nyumbani, ya tatu haipo. Na wenye jenereta ndogo mjue hili: nyingi nyutro yake haijaungwa na ethi, kwa hiyo hita ya aina hii ikiwekwa kwenye jenereta inaweza kugoma vilevile hata kama ni nzima. Hilo nalo limalizwe na fundi umeme, msijaribu wenyewe.

Jambo moja kwa wote: ikigoma kuwaka, msiirudie papo hapo mara tano mfululizo. Funga gesi, acha feni izunguke dakika kadhaa iondoe iliyobaki ndani ya bomba, ndipo ujaribu tena. Ile "bwuu" inayotoka na ulimi wa moto mbele ni gesi iliyokusanyika.

---

MamaKitunda

Nimerudi jamani. Regyuleta nimepata, mpira nimebadilisha, povu nimepaka na kijana wangu. Moto ni wa bluu. Kichwa hakijaniuma tangu nifungue mapazia. Maranda ya juu nimeyatoa nikaweka makavu. Vifaranga wangu jana usiku walikuwa wamelalia upande mmoja wote, mbali na hita, midomo wazi. Hiyo ni nini tena?

---

MfugajiChanika

Hilo ni joto kuzidi, dada. Sasa hita yako ina nguvu ambayo haikuwa nayo. Inyanyue kidogo mdomo, hewa ya moto ipite juu ya vichwa vyao, isiwapige moja kwa moja, kisha punguza joto kwenye themostati ya banda. Kila wiki unapunguza nyuzi kama tatu. Wakiwa wametawanyika sawasawa na wananong'ona tu, umefika.

---

MbeziJuu

Wakuu, fundi umeme amemaliza sasa hivi. Ethi ya banda ilikuwa haipo kabisa, amechimbia fito mpya ya ethi nje ya ukuta na kuvuta waya wa tatu. Plagi ni ya pini tatu. Nimewasha, niko hapa nahesabu. Sekunde ya nane imepita. Ya thelathini imepita. Dakika ya nne hii, moto ni wa bluu na taa ni ya kijani.

---

MfugajiChanika

Hongera mkuu. Usiondoke bado. Dakika ya kumi na tano ikipita salama, rudi ndani ukale. Saa tisa usiku amka mara moja, ukaushike mtungi.